Vipande Mia Tatu Visivyo na Namba

Jumamosi, 4 Machi

Daktari wa macho ni mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Kanimulika kwa kitochi, kamulika tena. Kisha kasema: mzee, una mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limekomaa. La kulia ndilo la kazi. Ndilo ninalobania lenzi nikifungua saa za watu, mwaka wa arobaini na moja huu.

Nina watoto watatu, wote wamekua wakaenda zao. Huyu wa nne kaja uzeeni, kakaa jichoni, na hataki kuhama mpaka apasuliwe. Tarehe 27, Jumatatu, saa tatu asubuhi. Kaniandikia kwenye kadi kwa herufi kubwa, kama anamwandikia mtoto wa chekechea. Nimeudhika, halafu nimegundua kwamba nimeisoma vizuri.

Sitaki. Fundi aliyenifundisha kazi alipasuliwa jicho, akarudi nyumbani anapapasa mlango. Daktari anasema hiyo ilikuwa zamani, siku hizi ni dakika ishirini tu. Dakika ishirini! Mimi kwa dakika ishirini naweza kuiua saa ya mtu isifufuke. Na jicho likiharibika, ndiyo basi. Nitoke kwenye meza ya ufundi nikakae mbele ya duka na shemeji, niuze mikanda na betri.

Kadi nimeichomeka humu kwenye daftari. Mke wangu sijamwambia.

Jumapili, 5 Machi

Shemeji kaja mchana na boksi. Ni mdogo wake mke wangu, ndiye anayekaa mbele ya duka letu na kupokea wateja. Boksi amelipata kwenye mzigo wa mitumba, halijawahi kufunguliwa vizuri. Juu kuna picha ya meli ya vita ya Waingereza, ile ya kubebea ndege, ya wakati wa vita vya pili. Sitaha ndefu tambarare, ndege zimejipanga mgongoni, bahari imechafuka. Ndani hakuna meli. Kuna fremu za plastiki ya kijivu, kumi na mbili, na kila fremu imening'iniza vipande. Mia tatu na kitu. Unakata, unagundisha, unapata meli ya urefu wa mkono.

Shemeji akasema, "Wewe si ndiye mzee wa vidogo? Haya, vidogo hivi hapa."

Alikuwa anatania. Lakini nilipokuwa naoga nikapata wazo. Nikiimaliza hii meli kwa macho yangu haya haya, kabla ya tarehe 27, na ikanyooka, basi macho bado yapo na siendi popote. Ikipinda, nakwenda. Huo ni mkataba kati yangu na mimi. Nitafanya asubuhi kabla ya duka, dirishani, kwenye mwanga wa kweli.

Jumatatu, 6 Machi

Saa ikija mezani, kitu cha kwanza unaifungua yote. Kila kipande peke yake. Unaosha, unakausha, unapanga kwenye sinia kwa ukubwa. Baada ya hapo ndipo unaanza kufikiri. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofanya leo. Nimekata kila kipande kutoka kwenye fremu, nimeviosha kwa maji ya sabuni, nimevipanga sinia nne: vikubwa, vya kati, vidogo, na vya kumtia mtu wazimu. Fremu tupu nimezitupa kwenye pipa. Meza safi kabisa.

Yule fundi saa mwenzangu wa stendi — mimi namwita Mponda Saa — angeanza kugundisha juu kwa juu kama anajenga banda la kuku.

Jumanne, 7 Machi

Mimi ni mjinga.

Nimefungua karatasi ya maelezo. Inasema: chukua C27, gundisha kwenye C31. C27 ni ipi? Nimegeuza vipande kimoja kimoja. Hakuna namba. Namba zilikuwa kwenye fremu! Kila namba pembeni ya kipande chake. Na fremu nimezitupa.

Saa haihitaji namba. Gurudumu la saa unalijua kwa sura, kama unavyomjua mwanao hata akikupa mgongo. Hapa nina vijiti arobaini na vinane vya urefu mmoja, au karibu mmoja, kila kimoja kina mahali pake, na hakuna hata kimoja kinachojitaja.

Mke wangu alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Yeye anashona sare za shule, cherehani yake iko upande wa pili wa chumba hiki hiki. Kasema mshonaji akitoa namba kwenye vipande kabla ya kushona, mtoto wa watu ataenda shule na mkono wa shati kwenye suruali. Nimemwambia atulie. Katulia mdomo, mabega yakaendelea kucheka.

Jumatano, 8 Machi

Nimekwenda kwenye pipa. Tupu. Wazoa taka, ambao kwa kawaida hukaa wiki mbili bila kuonekana, safari hii wamewahi.

Nimejaribu kubahatisha. Kipande nilichodhani ni cha usukani kimeingia vizuri sana mahali pa nanga. Nimekitoa, kimekatika. Nimeondoka bila kunywa chai.

Alhamisi, 9 Machi

Fremu zipo! Mke wangu alizitoa kwenye pipa Jumatatu ile ile. Hakujua ni za nini, lakini aliona namba, na yeye kitu chenye namba hakitupi. Halafu akakaa siku mbili zote ananitazama nikiteseka. Namuuliza kwa nini, anasema nilimwambia atulie.

Kazitandaza kwenye meza yake ya kukatia. Analinganisha alama ya mkato kwenye kipande na kisiki kilichobaki kwenye fremu, kikiingia anakiweka kwenye kikaratasi, anaandika namba kwa kalamu. Fremu mbili zimekwisha. Mimi nilijaribu kulinganisha kimoja, nikaona visiki vyote ni vile vile. Nikamwambia mgongo unauma.

Nimefikiria kama huu ni udanganyifu katika mkataba. Si udanganyifu. Namba ni kazi ya karani. Kugundisha ndiyo kazi ya fundi.

Jumapili, 12 Machi

Pande mbili za meli zimeungana. Sitaha imekaa. Imebaki nafasi ya ukucha pale mbele, lakini meli yoyote huwa na nafasi ya ukucha mahali fulani.

Mnara wake unakaa ukingoni, upande wa kulia tu, kama mtu aliyeketi mwisho wa benchi. Nilidhani nimekosea. Nimeangalia picha kwenye boksi mara nne. Ndivyo walivyoijenga, ili ndege zipate njia. Watu wazima, na vita vinaendelea, wanajenga meli ya upande mmoja.

Jumanne, 14 Machi

Mizinga. Kila mzinga una mitutu minane, na kila mtutu ni kama kope. Nani alihitaji mitutu minane? Mmoja umeruka dirishani. Mmoja nadhani nimeumeza, maana nilikuwa nimeubana kwa midomo na shemeji akapiga simu. Mzinga mzima wa tatu umegandia kwenye dole gumba langu. Nimesugua kwa mafuta, kwa sabuni, kwa kisu. Nimekwenda nao kazini.

Shemeji akaniangalia mkono. "Shemeji, leo umekuja na silaha?"

Sikucheka. Sasa hivi namaliza kuandika ndipo nacheka kidogo.

Alhamisi, 16 Machi

Siku mbaya dukani. Skrubu ya saa ya kike imeniponyoka. Nimepiga magoti, nimepapasa sakafu nusu saa nzima, mteja amesimama juu yangu. Shemeji katoka mbele, hakuinama hata sawasawa, kaiokota pembeni ya kiatu changu. Kaiweka kwenye sinia, karudi mbele. Afadhali angetania.

Ijumaa, 17 Machi

Ndege. Kumi na mbili. Zina mabawa mawili, juu na chini, na katikati vijiti vinne vya kushikilia. Zote zikikaa kiganjani nafasi inabaki.

Taa ina ukungu pembeni. Nimefuta lenzi mara tatu. Lenzi ni safi. Nimefuta balbu. Nimefuta kioo cha dirisha, ndani na nje, mke wangu akauliza kama tuna mgeni. Ukungu uko pale pale.

Nimeunga ndege tatu. Kusema kweli ninavyoandika hapa sijui nimeunga nini. Nimeziweka tu juu ya sitaha nikaondoka, sitaki kuziona. Nadhani nitakwenda hiyo tarehe 27. Nadhani mkataba umekwisha.

Jumamosi, 18 Machi

Ndege zote tatu zimesimama wima!

Nimepitisha kidole kidogo juu ya mabawa, polepole. Sambamba. Vijiti vyote vinne viko mahali pake. Nimekaa chini. Nimefikiri, na nimepata jibu: hii gundi ikikauka inavuta. Inavuta plastiki mpaka inajinyoosha. Jana nilidhani zimepinda kwa sababu zilikuwa bado mbichi.

Kwa hiyo macho hayana shida. Shida ilikuwa haraka yangu ya kuhukumu.

Jumapili, 19 Machi

Ndege tatu nyingine. Nimemsomea mke wangu hoja yangu ya gundi. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, kautunga mara moja tu, tena bila miwani. Akasema, "Gundi nzuri hiyo, baba watoto." Akaendelea kushona.

Jumanne, 21 Machi

Mwalimu mkuu mstaafu kapita dukani kunishukuru kwa saa yake. Ile ndogo ya dhahabu ya marehemu mkewe, niliyoifungua Februari. Haipotezi hata dakika kwa wiki. Kasema mikono kama yangu siku hizi haipatikani. Nimemwambia shemeji: umesikia? Kasema kasikia. Alikuwa anapanga mikanda ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

Ndege kumi sasa. Asubuhi natazama kazi ya jana na kila kitu kimenyooka. Mizinga imenyooka. Hata ile nafasi ya ukucha pale mbele imejiziba. Hii gundi waliipata wapi?

Alhamisi, 23 Machi

Rangi ya mnara. Kijivu juu ya kijivu, na karatasi inasema kijivu cha tatu kipite katikati. Makopo yote matatu kwangu ni rangi moja. Nimemuuliza mke wangu kwa kumtega, kama vile namfundisha: hii ni ipi? Kajibu. Nimepaka.

Zimebaki siku nne. Najiona kijana.

Jumamosi, 25 Machi

Imekwisha. Saa nne asubuhi. Nimeiweka juu ya kabati la vyombo, nimesimama mbali, nimeiona yote. Meli! Nimefurahi kuliko siku nilipofungua duka.

Nikaona sasa ndio wakati. Nikamwita mke wangu, nikatoa kadi, nikampa. Nikamweleza yote: daktari, mtoto wa jicho, tarehe, mkataba wangu na mimi. Nikamwonyesha meli. Nikasema, huu ndio ushahidi, mtu kipofu hawezi kufanya kazi hii, kwa hiyo Jumatatu siendi. Nikangoja anipongeze.

Kageuza kadi nyuma, kageuza mbele. Kakaa kwenye kiti cha cherehani.

Ni yeye.

Kila siku nikishatoka kwenda dukani, alikuwa anaacha sare za watu, anabandua ndege zangu na kuziunga upya. Mizinga pia. Nafasi ya ukucha kaiziba kwa karatasi na gundi, kapaka rangi. Ndege ya kwanza, anasema, mabawa yote niliyagundisha upande mmoja. Alicheka, kisha akaona jinsi nilivyoondoka asubuhi ile na uso ulivyokuwa, akaacha kucheka.

"Nilidhani ni mchezo," kasema. "Nilitaka ufurahi tu. Ungeniambia ni kipimo, nisingegusa hata kimoja. Naapa, nisingegusa."

Nimemfokea. Nimesema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ni fundi nguo kabisa. Nimesema maneno mengine ambayo siyaandiki. Alinisubiri nimalize. Halafu na yeye akanigeukia: wiki tatu nzima nalala naye kitanda kimoja, nina kadi ya hospitali, naye hajui. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anasema amekuwa akinitazama nikimimina chai nje ya kikombe tangu mwaka jana, anafuta meza, anangoja nimwambie mwenyewe.

Nikamuuliza, kama ulijua siku zote, na dukani je? Saa za watu nazifanyaje?

Kaangalia pembeni. Kasema nimuulize ndugu yake.

Jumapili, 26 Machi

Duka limefungwa, nimemfuata shemeji kwake. Alikuwa anaosha viatu uani. Aliponiona na uso huu alijua, akaanza na methali kabla hata sijakaa: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, shemeji. Nikamwambia koleo ni langu, na nataka kujua lilivunjika lini.

Tangu Desemba. Saa nikishazimaliza, anazichukua jioni, anazipeleka stendi. Kwa nani? Kakuna kichwa. Kwa Mponda Saa! Huyo ndiye aliyefungua saa ya marehemu mke wa mwalimu. Huyo ndiye mwenye mikono isiyopatikana siku hizi.

"Zote?" nikamuuliza.

"Si zote, shemeji. Zile ndogo."

"Ndogo zote?"

"Na zile za kati," kasema. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yule fundi hajawahi kumwambia mtu. Kila mara hufungua saa, hutazama, husema huyu mzee alikuwa mkali sana. Alikuwa.

Naandika herufi kubwa siku hizi. Nimeona sasa hivi nilipofungua kurasa za mwaka jana. Zamani ukurasa mmoja ulinitosha wiki, sasa sentensi nne zimeujaza. Nilikuwa nalaumu daftari.

Naogopa. Hilo ndilo jambo lenyewe, basi nimeliandika. Siogopi kisu. Naogopa niamke kitandani pale, waondoe bandeji, na kusiwe na ukungu wala taa wala chochote. Sasa hivi angalau nina ukungu.

Jumatatu, 27 Machi

Saa moja na nusu asubuhi. Miadi ni saa tatu. Shemeji ameazima gari, atafika saa mbili. Sijasema naenda. Sijasema siendi.

Mke wangu kavaa gauni la kutokea, kakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Haniharakishi, na hilo linaniudhi kuliko angenisukuma.

Nimeshusha meli nimeiweka mezani. Nimebandua ndege mbili za mbele, zile zinazokaa sambamba. Nimemwambia, moja naweka mimi, moja unaweka wewe, halafu tutaona. Hakutaka. Nimemwambia mkataba wangu uliuharibu wewe, sasa njoo uutengeneze. Kaweka mkoba chini, kaja.

Nikaweka yangu. Kibano, tone moja la gundi, pumzi nimezuia. Mkono haukutetemeka. Mkono wangu haujawahi kuwa na kosa. Yeye akaweka yake upesi, kama anashona kifungo.

"Haya, sema kweli," nikamwambia. "Usinihurumie."

Kainama. Kaangalia sana. Kasema yake imesimama. Kasema yangu imelala ubavu, bawa la chini limegusa sitaha. Alisema polepole. Miaka thelathini na sita ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza kuniambia kazi yangu ni mbaya.

Sikuamini. Nimebana lenzi jicho la kulia, kisha la kushoto. Nimesogeza taa. Nimeigeuza meli ielekee dirisha, nimeirudisha, nimeigeuza tena. Nimezitazama mpaka macho yakatoa machozi.

Zimesimama. Kwangu mimi zote mbili zimesimama wima, hazina tofauti hata ya unywele.

Nimemuuliza yangu ni ipi. Shemeji anapiga honi nje. Bado hajanijibu.